Gari dogo la umeme Arusha na Moshi: unanunua betri, gari ni la ziada

Matangazo ya Nissan Leaf zilizotumika Japani huwa na umbali wa kuvutia: kilomita 228 kwa chaji moja kwa Leaf ya betri ya uniti 24, kilomita 280 kwa ya uniti 30, na 400 kwa ya uniti 40 iliyotoka 2017. Uniti hapa ni ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja. Takwimu hizo si za uongo. Zilitokana na kipimo cha Kijapani cha JC08, gari likiwa jipya, magurudumu yakizunguka juu ya mashine, bila mlima wala mzigo. Gari linaloshushwa bandari ya Dar es Salaam na kuletwa Arusha lina miaka minane, kumi au zaidi, na betri yake imeshachoka kiasi. Ndiyo maana swali la kwanza linapaswa kuwa betri imebakiwa na uniti ngapi. Kilomita zitajulikana baada ya hapo.

Leaf ya uniti 24 ikiwa mpya hutoa uniti 21 hivi za kutumika. Afya ya betri ikishuka hadi asilimia 70, zinabaki kama 15. Kwa mwendo wa kawaida gari hili hula uniti 14 hadi 16 kwa kilomita 100. Hivyo una kilomita 100 mpaka lizime kabisa, na ukiacha akiba ya asilimia 15 unabaki na 85. Njiro hadi mjini, mjini hadi Kisongo, kupeleka watoto shule Usa River na kurudi: yote hayo yanaingia. Moshi kwenda na kurudi siku moja bila kuchaji hayaingii.

Barabara hiyo ya Moshi inafaa kupigiwa hesabu vizuri, kwa sababu inapotosha. Ni kilomita 80 hivi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi karibu 850, tofauti ya mita 550. Kuinua gari lenye uzito wa kilo 1,700 pamoja na watu kwa kimo hicho kunahitaji uniti 2.5, na ukiongeza upotevu wa mota na betri ni karibu 3. Wakati wa kushuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo Arusha kwenda Moshi hutumia uniti 9 au 10, na Moshi kurudi Arusha hutumia 14. Dereva anayefika Moshi akiwa na theluthi ya chaji huamini kwamba akijaza pale atarudi na theluthi ileile. Kwa betri ya uniti 15 atafika Arusha akiwa hana kitu. Ubaya zaidi ni kwamba mlima wenyewe uko mwisho wa safari, kuanzia njia panda ya KIA kupanda Usa River na Tengeru, wakati chaji imeshapungua. Hapo ndipo taa ya kobe huwaka kwenye dashibodi na gari kupunguza nguvu lenyewe. Kinachosaidia ni vibao vya 50 na tochi za trafiki: gari la umeme hupenda mwendo wa 50 hadi 70. Ukikimbiza 100 ulaji hupanda hadi uniti 19 au 20.

Milima ya Kilimanjaro ni kali zaidi. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu ni mwinuko wa mita 1,000 hivi ndani ya kilomita zisizofika 50, na safari hiyo peke yake yaweza kumaliza uniti 11. Kurudi chini ni karibu bure. Lakini kuna hatari ambayo wengi hawaijui: ukijaza betri hadi asilimia 100 huko juu kisha ukaanza kuteremka, betri haina nafasi ya kupokea umeme, hivyo mota haishiki gari na kazi yote inabebwa na breki za kawaida. Anayelala Marangu, Machame au Kibosho aishie asilimia 80 au 85.

Sasa fedha. Tuchukue kilomita 1,000 kwa mwezi, lita ya petroli shilingi 3,000, na Toyota IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita. Ni lita 77, sawa na shilingi 231,000. Leaf itachukua uniti 150 kwenye betri, lakini ukutani zinatoka kama 170 kwa sababu chaja hupoteza nyingine kwa joto. Kwa kiwango cha T1 cha TANESCO, yaani cha matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, pamoja na VAT, tozo ya REA na ya EWURA ni 356. Jumla ni kama shilingi 60,500.

Hapo wauzaji husimama na kusema umeokoa 170,000. Wanasahau LUKU ya nyumbani. Familia nyingi ziko kwenye D1, kiwango cha watumiaji wadogo, ambapo uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100, au 122 pamoja na tozo. Ukianza kuchaji gari unavuka 75 ndani ya siku chache. Matumizi yakiendelea hivyo utahamishiwa T1. Uniti 70 za taa, friji na televisheni zilizokuwa shilingi 8,540 zinakuwa 24,920. Hiyo 16,000 na ushee nayo ni gharama ya gari. Akiba halisi ni kama 154,000 kwa mwezi, karibu milioni 1.8 kwa mwaka, bila kuhesabu oili ya injini, plagi na filta ambazo hazipo tena. Bado ni fedha nzuri. Lakini miaka minne ya akiba hiyo ni milioni 7 na kidogo, na betri nyingine, hata iliyotumika, hudai mamilioni kabla ya usafiri na ushuru. Ukianza na betri iliyochoka, akiba yako inasubiri kwenda huko. Halafu gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa uchakavu, na Leaf za bei ya chini karibu zote zimeshavuka umri huo. Pitisha gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti.

Kuchaji nyumbani ndiko kunakoamua kama utalifurahia gari au utalichukia. Waya unaokuja nalo kutoka Japani ni wa volti 200 na ampea 15, una plagi ambayo haingii kwenye soketi zetu. Mafundi wengi hukata plagi na kufunga ya pini tatu ya ampea 13. Pasi hutumia soketi hiyo dakika ishirini. Gari huitumia kwa saa nane mfululizo, na soketi ya bei rahisi huyeyuka. Funga soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 4 (au 6 kama gari linaegeshwa mbali), breka ya ampea 20 na breka ya kuzuia umeme unaovuja ya miliampea 30. Arusha ina baridi na hita za bafuni ni nyingi: hita moja ya kilowati 5 ikiwaka pamoja na gari ni ampea 35 kwa mpigo. Pangia gari usiku wa manane kwa saa iliyomo kwenye gari lenyewe.

Tatizo linalowasumbua wengi zaidi ni ethi. Kisanduku kilicho kwenye waya wa kuchajia hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme. Kama haishiki vizuri, taa nyekundu inawaka na gari halichaji. Mwenye gari anadhani chaja imekufa, kumbe nondo ya ethi imeoza au haikufungwa tangu nyumba ijengwe. Kuiunganisha ethi na nyutro ili kisanduku kidanganyike ni kucheza na maisha ya watu, maana nyutro ikikatika bodi nzima ya gari inabeba umeme. Zika nondo mpya ya shaba, fundi aipime. Umeme mdogo wa jioni nao hukatisha kuchaji, na stabilaiza ya friji haina msaada kwa mzigo wa kilowati 3; inahitajika ya kVA 5.

Kwa mpangaji hali ni ngumu. Nyumba yenye LUKU moja kwa familia nne haiwezi kubeba uniti 170 za mtu mmoja bila ugomvi, hata akilipa. Bila mita yake mwenyewe, au mita ya ndani inayosomwa kila wiki mbele ya wote, asinunue.

Turudi kwenye betri. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri. Hutegemea hewa tu. Joto ndilo linaloichosha mapema, na hapa Arusha ina bahati: baridi ya Juni na Julai na jioni za mwaka mzima zinaifaa. Moshi ya Januari hadi Machi ni habari nyingine. Gari likishinda juani likiwa na asilimia 100 ya chaji, linazeeka haraka. Tafuta kivuli, liache kati ya 30 na 80, jaza kabisa siku ya safari tu.

Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hupotea afya ikifika asilimia 85, na vinavyofuata hupotea kwa kila asilimia 6 hivi. Vikibaki tisa, uko kati ya 66 na 72. Usiviamini peke yake: kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vijistari vikarudi 12, na ukweli ukajitokeza baada ya wiki kadhaa za kuendesha. Chukua kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Betri ya uniti 24 ikiwa mpya husoma ampea-saa 65 hivi, ya uniti 40 husoma karibu 115. Kisha endesha mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 20 na uangalie tofauti ya volti kati ya jozi zote 96 za seli. Milivoti 20 au 30 ni kawaida. Ikipita 100, kuna seli dhaifu, na hiyo moja ndiyo itakayozima gari mlimani wakati mita inaonyesha bado kuna chaji. Muuzaji anayekataa kipimo hiki, achana naye.

Ufundi wa kila siku ni mwepesi: maji ya kupoza mota na inveta, oili ya gia isiyofika lita moja na nusu, breki pedi zinazodumu sana. Kinachoumia ni chini. Gari lina kilo 1,450 hadi 1,500 dhidi ya kama 1,000 za IST, kwa hiyo bushi, bol joint na shokapu huisha haraka kwenye njia za Moshono na Ilboru, na sakafu iko milimita 150 hadi 160 tu juu ya ardhi. Matuta ya mtaani yaliyojengwa bila kipimo hukwaruza kasha la betri. Pia kuna betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida. Ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Ibadilishe kabla haijakuaibisha. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti karibu 360 na huua. Fundi asiyejua kuchomoa plagi ya usalama, kusubiri dakika kumi na kuvaa glovu za volti 1,000 asiziguse.

Anayeweza kusubiri atazame Nissan Sakura ya 2022: betri ya uniti 20, kilo chini ya 1,100, upana chini ya mita moja na nusu, usukani kulia, na betri yake hupozwa kwa gesi ya kiyoyozi. Kwa Arusha mjini ndilo umbo linalofaa hasa. Magari madogo ya China ni ya bei nafuu, ila mengi yana usukani kushoto na tundu la kuchajia la Kichina la GB/T, ambalo waya wa Leaf hauingii.

Kwa mwenye uwanja wake na LUKU yake, anayezunguka kilomita 40 kwa siku na mwenye gari jingine la safari, Leaf yenye afya ya asilimia 80 na kuendelea ni uamuzi mzuri kuliko IST. Tungeshauri ya uniti 40 hata kama bei inauma, kwa kuwa kati ya tatu tulizozitaja mwanzoni hiyo peke yake ndiyo inayokwenda Moshi na kurudi bila kubahatisha. Kwa dereva wa teksi anayefanya kilomita 200 kwa siku, bado: saa za kusimama kwenye chaji ni saa za kupoteza abiria. Na kwa familia yenye gari moja inayopanda Rombo kila Desemba, petroli iendelee mpaka chaja za haraka zisimame Himo na Boma Ng'ombe, zenye kichwa cha Kijapani cha CHAdeMO ambacho Leaf inakihitaji.