Mama kajaza maji Maskati

Saa tisa usiku nikashtuka nasikia maji. Nikadhani bomba limepasuka, nikakimbilia bafuni na kanga moja. Namkuta Mama kainama juu ya hodhi, mtandio kaufunga kiunoni, mfereji kaufungua mpaka mwisho. Nyuma yake vimepangwa: ndoo ya kudekia, beseni la kufulia, sufuria langu la biriani, na chupa saba tupu nilizokuwa nimeziweka pembeni za kutupwa. Vyote vimejaa. Sufuria kalifunika kwa sinia.

"Mama, unafanya nini?"

"Yanatoka kwa nguvu," akasema, kama mtu anayenipa habari njema. "Nimeona niyawahi."

Ulikuwa usiku wake wa kwanza Omani. Nikamwambia, Mama, hapa hayakatiki. Miaka tisa niliyokaa Maskati yamenikatikia mara mbili, na zote walitutangazia. Akaniangalia kwa jicho lile la mkubwa anayemstahi mtoto. "Haya," akasema. Akasogeza chupa ya nane.

Sikupata usingizi tena. Mwanzo nilicheka peke yangu kitandani. Baadaye hasira zikanipanda, na kilichonikera zaidi ni kuwa sikuwa na wa kumkasirikia. Mama wa miaka sabini kapanda ndege kuvuka bahari, kafikia ghorofa ya nne kwenye kiyoyozi, na mwili wake bado unajua kwetu Unguja saa tisa usiku ndipo maji yanapokuja. Wala hakutega saa. Kaamka mwenyewe.

Walikuja sita: Mama, kaka yangu, wifi, na watoto watatu. Safari ilikuwa ya kumwona shangazi yetu wa Nizwa, dada wa marehemu baba. Aliondoka Unguja msichana, na alihamia huku baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, milango ilipofunguliwa kwa watu wetu wenye asili ya huku. Kiswahili chake ni cha Malindi ya zamani, ile ya mjini Unguja, maneno mengine nayasikia kwake tu. Nikasema maadam tunakwenda Nizwa, watoto waone na ngome.

Ngome waliiona. Sina mengi ya kusema, picha zake zimejaa kila mahali. Mnara wake wa duara aliujenga Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na majeshi ya mwanawe Saif ndiyo yaliyoingia Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Watoto walichopenda ni yale matundu juu ya milango, ya kummwagia adui asali ya tende inayochemka. Mdogo wao akauliza mbona wasingeila wenyewe.

Lakini kilichonikalisha kuandika haya ni mahali tuliposimama kabla ya kufika, Birkat al-Mawz. Pana mfereji wa maji pale, falaj, unaitwa al-Khatmeen. (Sisi Unguja "mfereji" ndio hilo bomba la kufungua na kufunga, watu wa bara wanatucheka. Hapa ni mfereji hasa: njia ya maji iliyochimbwa na kujengewa.) Maji yanachukuliwa chini ya ardhi kutoka upande wa milimani na kuletwa kwa mteremko mdogo tu, bila mashine. Yakipita ubavuni mwa jumba la kale yanagawika njia tatu. Hakuna koki wala mita, na wala hapana mtu amesimama na daftari. Ni mawe tu yaliyopangwa na mtu aliyejua anachokifanya, na kila njia inachukua sawa na mwenziwe.

Kaka hakuamini. Mama alikuwa na ndimu kwenye mkoba, za kunusa asichafukwe na roho kwenye gari. Watoto wakachukua tatu za ukubwa mmoja, kila mmoja akasimama na njia yake, wakahesabu moja mbili tatu, wakaziachia. Zikaenda sambamba. Zinagonga ukuta, zinajizungusha, zinaendelea, hakuna inayomwacha mwenziwe. Wakarudia mara nne. Mama kakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, hasemi kitu, mpaka nikaingia wasiwasi. Kumbe anafikiri. Hatimaye akauliza: "Na mwenye pampu?"

Jibu alilipata usiku kwa shangazi, kwenye kahawa na halua. Shangazi anayo shamba dogo la mitende la marehemu mumewe, na shamba lile lina zamu yake ya maji. Zamu inapimwa kwa athar, athar moja nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, fulani ikichomoza maji ni ya fulani. Siku hizi saa ya mkononi inatosha. Zamu inarithiwa, inauzwa, inakodishwa, nyingine imewekwa wakfu kwa msikiti. Na mpangilio una adabu yake: yanapochomoza maji juu ni ya kunywa, kwa yeyote, hata mpita njia. Chini yake msikiti, chini yake kuoga na kufua, mashamba mwisho. Anayesimamia wanamwita wakil. Watoto wakauliza kwa nini maji yana wakili, kwani yameshitakiwa? Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Wakil ni mtu wa pale pale mjini, nyumba yake inajulikana, na baadhi ya zamu zinanadiwa ili pesa ipatikane ya kuuzibua mfereji na kuutengeneza.

"Na mtu akifungua si zamu yake?" Mama bado hajaridhika.

"Aifungue ya nani, wifi? Kila mtu anaijua saa ile ni ya nani."

Akatuhadithia na ile ya Nabii Suleiman, kwamba alipita Omani akakuta nchi kavu, akawaamrisha majini wachimbe mifereji elfu kumi kwa siku kumi. Mama akashusha kikombe. "Angepitia na Unguja," akasema. "Siku moja tu."

Sasa nije kwenye langu, na najua litaniletea maneno. Nyumbani tuna zamu pia. Mgao ni zamu, si ndiyo? Lakini zamu yetu ni uvumi. "Nasikia leo wanafungua upande wetu." Nani kasikia? Kwa nani? Ukimaliza mwezi hayajatoka utakwenda kumgongea nani mlango? Athar ya shangazi ni nusu saa, na ni mali, ina mwenyewe kama shamba lenyewe. Yetu ni bahati, na mtu hawezi kumdai mwenziwe bahati.

Najua wa kwanza atakayenijibu: "Wenzetu wana mafuta." Ndugu yangu, Omani ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mifereji hii ina mamia ya miaka, na asili ya utaalamu wenyewe inakwenda nyuma zaidi. UNESCO waliiingiza mitano kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, huu wa al-Khatmeen ukiwa mmojawapo, na ipo kama elfu tatu inayofanya kazi mpaka leo. Iliendeshwa na watu maskini wa tende na samaki. Mafuta yamenunua mitambo ya kutoa chumvi maji ya bahari, ndiyo ninayooga mie ghorofani, sikatai. Zile ndimu tatu hazikusukumwa na mafuta.

Wa pili: "Hao ndio waliotuuza." Hapa sichezi. Ni kweli. Yule yule Saif aliyeichukua Mombasa anasifiwa kwa kupanda mitende na kutengeneza aflaj, yaani hiyo mifereji, na alikuwa na watumwa. Mikono iliyozibua mifereji ile haikuwa yote ya wenye zamu. Mie mwenyewe damu ya baba ni Mmanga, Mwarabu wa Omani, na ya mama ni ya Makunduchi, Unguja, kwa hiyo ugomvi huo ninao ndani ya mwili, sihitaji kukumbushwa. Ila nikuulize: ubaya wao wa jana ndio unaokuzuia wewe leo kujua mfereji wa mtaani kwenu unafunguliwa saa ngapi?

Wa tatu ndiye namwogopa. Huyu hatukani. Atasema kwa upole, "Da, si hata sisi tulikuwa nayo?" Tulikuwa nayo. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za njia ya Bububu. Nimeona fahari kumwambia shangazi hilo, nikainua na kidevu. Halafu njiani kurudi nikawa najiuliza, mbona ya kijijini mwao, yasiyo na Sultani, yamedumu, na yetu yamekuwa hadithi? Nadhani ni kwa sababu yalikuja kama zawadi. Yalikuwa maji ya Sultani, kisha ya Mwingereza, kisha ya serikali. Hayajapata kuwa nusu saa ya Fulani bin Fulani, ambaye mfereji ukiziba anatoka na jembe kwa sababu hasara ni yake.

Basi mtasema kashakuwa Mmanga huyu, kala tende miaka tisa anatufundisha kuchota maji. Semeni. Lakini ngojeni niwape na la kunishikia, maana hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Pampu ya Mama nimeinunua mie.

Mwaka wa tatu wa kukaa huku nilituma pesa, kaka akanunua pampu na tangi la lita elfu mbili, fundi akaiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Nikatumiwa picha, nikaisambaza kwa furaha. Sikuuliza ikivuta inavuta ya nani. Nyumba ya nyuma yetu hawana mtu ughaibuni. Wao wanasubiri tumalize kuvuta, na siku nyingine tukimaliza na maji yameisha. Mama anawapa madumu mawili matatu, wanashukuru, na sisi tunajiona watu wema. Hesabuni pampu za mtaani kwenu, halafu hesabuni ngapi zimetoka kwa mtoto wa Maskati, Dubai, London, Toronto. Kila nyumba imekuwa serikali yake, na bajeti inatoka kwetu. Halafu sisi sisi tunakuja likizo tunasema nchi hii haina mpango.

Na msidhani Waomani wameepukana na pampu. Shangazi ananiambia ipo mifereji iliyokauka kwa sababu watu wamechimba visima na kufunga mashine, maji ya chini yakashuka. Alivyolitamka hilo neno "mashine", Mama akaitikia kwa kichwa kama wako msibani.

Kitu kimoja hawanishindi. Kwetu maji yakija saa tisa usiku, yuko mama mmoja, si jamaa yetu, anatoka na kanga yake anagonga madirisha yote: "Maji yamekuja! Amkeni, maji!" Halipwi. Hajapata kuruka nyumba hata ya aliyenuniana naye. Mie hapa ghorofani mlango wa pili sijui anakaa nani, najua tu anapenda samaki. Siku ile maji yalipokatwa kwa matengenezo tulipata ujumbe kwenye simu, kila mtu akajaza lake, akafunga mlango wake. Nilimweleza Mama nikidhani naisifia nchi. Akauliza, "Na asiyekuwa na simu?" Nikasema wote wanazo. "Enhe," akasema.

Waliondoka Jumapili. Uwanja wa ndege mzigo wa Mama ukazidi kilo tatu: halua, uvumba, na chupa yangu moja kaijaza maji ya Birkat al-Mawz, kaizungushia khanga katikati ya nguo. Nikamwambia ni maji tu, Mama. Hakujibu.

Wiki iliyofuata kaka kanitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, anacheka hata hawezi kusema. Mama amewakusanya wanawake wa mtaa barazani, kawahadithia yote mpaka ndimu. Kachukua mkaa, kachora ukutani: nyumba ya kwanza nusu saa, ya pili nusu saa, pampu zote zizimwe mpaka wa nyuma wapate. Yetu kaiandika ya mwisho. Siku tatu ilikwenda, wallahi ilikwenda. Ya nne yule wa jumba jipya la kona, mwanawe yuko Marekani, akawasha pampu yake katikati ya zamu ya watu wa nyuma, na alipofuatwa akasema ukuta ule si sheria.

Nikampigia Mama nimpoze. Wala hakuwa na huzuni. Alikuwa na haraka, nasikia ndoo zikigongana nyuma yake.

"Muulize shangazi yako," akasema, "yule wakili wao wanamlipa kiasi gani."