Fatleki haitaki saa, inataka shamba la chai

Jumamosi nilitoka Tigoni, kule kwa chai ya Limuru, na matope mpaka magotini na mpaka leo bado nina furaha, kwa hivyo wacha niseme kitu nimekaa nacho muda mrefu: sisi wakimbiaji wa Nairobi tumeibana sana fatleki, yale mazoezi ya kubadilisha kasi ukiwa mbioni. Tumeitia kwa saa, dakika moja mbio, dakika moja pole pole, mara ishirini, saa inalia na sisi tunatii, halafu tukifika nyumbani tunachungulia grafu kwa simu na ukimuuliza mtu alipita wapi hakumbuki. Sikatai, ni mazoezi mazuri. Lakini mchezo umeenda wapi?

Manake jina lenyewe ni mchezo. Ni neno la Kiswidi, mchezo wa kasi, na aliyeileta ni kocha Gösta Holmér miaka ya 1930, baada ya Waswidi kuchapwa sana na Wafini, akina Paavo Nurmi. Dawa yake haikuwa kuzunguka uwanja. Aliwapeleka wakimbiaji msituni kwa njia laini, ukiona mwili umekubali unaongeza spidi, ukiona umebanwa unapunguza ila husimami. Hapo ndo walitoka Gunder Hägg na Arne Andersson, wakapokezana rekodi ya dunia ya maili kuanzia 1942 mpaka 1945 Hägg akaifikisha dakika 4 na sekunde 1.4, na hiyo ikakaa miaka 9 mpaka Roger Bannister akashuka chini ya dakika 4 mwaka wa 1954.

Najua kuna mtu ataniambia Iten, ule mji wa wakimbiaji wakubwa, wanatumia saa. Ndio, Iten Alhamisi kundi kubwa linatoka kwa fatleki na ile ni ya saa kabisa, na inawafaa, wale ni kazi yao na wana mbio za kutayarishia. Lakini mimi wiki nzima niko ofisini, kila kitu changu kina saa yake, mkutano una saa, matatu ina saa, sasa hata Jumamosi asubuhi nipewe amri na kitu kimefungwa kwa mkono? Hapana.

Kwa hivyo napanda matatu ya Limuru alfajiri, tunapita Ruaka, tunapita Banana, na ukishuka Tigoni baridi inakushika masikio. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,800 juu ya bahari, huku umepita 2,000, kwa hivyo pumzi utaitafuta. Na ni chai tu pande zote (ya kwanza kabisa Kenya ilipandwa huku huku Limuru, 1903), kijani mpaka macho yanapumzika.

Nilianza pole pole kama dakika kumi na tano, hiyo siruki, misuli ikiwa baridi huwezi kuilazimisha. Halafu nikaona nguzo za stima zinashuka bondeni nikaamua mpaka ya nne. Ya pili niko sawa, ya tatu kifua kinawaka, ya nne nikaigusa kwa kiganja, mbao imelowa umande, nikarudi mwendo wa pole mpaka nikaweza kuwasalimia akina mama wa kuchuma chai bila kukatiza maneno. Mmoja akanipungia na kikapu kiko mgongoni.

Mbele kidogo nikapata kijana wa kama miaka tisa ametumwa maji. Akaniangalia, akaweka mtungi kando ya njia, akavua slipa akazishika moja kila mkono, akasema, "Anko, mpaka kwa ule mti!" na akatoka. Huyo hajawahi kusikia habari ya Waswidi. Alichomoka kwa nguvu zote, akapunguza akanisubiri nimfikie, akachomoka tena, akicheka, na tulipofika kwa mti nilikuwa nimekimbia spidi ambayo peke yangu nisingeitoa. Hiyo ndo fatleki bwana. Hakuna kocha amempangia.

Na faida iko, si raha tu. Ukitoka kwa mbio kali na hujasimama, mwili unajifunza kupata nafuu ukiwa bado njiani, na kwa vile hujui kona inayofuata ina mlima ama mteremko, unazoea kubadilisha kasi ghafla, kitu ambacho mbio za kweli zinataka sana. Mimi nikifikiria hilo namkumbuka Mkenya mwenzetu John Ngugi kwa Olimpiki ya Seoul 1988, fainali ya mita 5,000, kilomita moja tu imeisha na yeye huyoo ameenda, wenzake wakidhani atarudi. Hakurudi. Dhahabu.

Kama ndio unaanza, mara moja kwa wiki inatosha, siku zingine kimbia pole, na ukisikia bodaboda nyuma kaa pembeni manake njia za mashamba ni nyembamba na mvua ikinyesha zinateleza vibaya.

Kuna mwinuko mmoja ukipita kituo cha kupimia majani, mrefu, udongo mwekundu, Jumamosi nilifika katikati miguu ikakataa nikapanda uliobaki kwa mwendo wa pole. Wiki hii naurudia. Saa inabaki nyumbani, na mti wa kumalizia nishauchagua, uko juu kabisa.