Kutwa mara tatu, kwa figo zipi?

Shangazi alikuwa akinyanyua kikombe cha maji, mkono unaruka wenyewe, maji yanamwagika kifuani. Akianza kuongea, anasinzia katikati ya neno. Siku ya pili akawa ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Sote tukajua ni kiharusi.

Hakikuwa kiharusi. Ilikuwa gabapentini ya maumivu ya miguu, miligramu 300 kutwa mara tatu.

Kinachoniuma ni kwamba majibu ya damu yalikuwa kwenye faili lilelile, kurasa mbili nyuma ya cheti cha dawa. Figo zake zinachuja mililita 12 kwa dakika. Kwa figo za hivyo, dawa hiyo haitakiwi kuzidi miligramu 300 kwa siku nzima. Yeye alikuwa anameza 900. Na gabapentini ini haliigusi, inatoka kwa mkojo kama ilivyoingia. Figo zikiwa nzima, nusu yake imeshatoka ndani ya saa 5 hadi 7. Zikishachoka, nusu hiyo huweza kukaa saa 52. Kidonge cha pili kinamkuta cha kwanza, cha tatu kinawakuta wote wawili, na mgonjwa anazidi kuzama.

Najua madaktari wamelemewa, hilo nalikubali. Lakini kanuni ya Cockcroft na Gault, ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani, ipo tangu 1976, na inataka umri, uzito, jinsia na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), basi. Tena msiniambie "kreatinini yake si mbaya sana". Bibi mkondefu asiye na misuli hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo namba inapendeza huku figo zimekwisha.

Wala sisemi kila dawa ikatwe nusu. Antibayotiki nyingi dozi ya kwanza hutolewa kamili, zinazofuata ndizo hupunguzwa au kuachanishwa saa. Seftriaksoni, nayo antibayotiki, kwa kawaida dozi yake haiguswi. Na aliye kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, aulizwe siku zake za mashine, maana baadhi ya dawa huondoka na maji ya mashine hiyo.

Aliyegundua ni mfamasia wa zamu ya usiku, aliyefungua faili na kurudi nyuma kurasa mbili. Dawa ikasimamishwa, shangazi akasafishwa damu. Siku ya tatu akaniita kwa jina langu, nikalia palepale kitandani kwake.

Sasa juu ya faili lake nimeandika kwa wino mwekundu: FIGO 12.