Njumu inaungua chini ya sufuria ya wali

Jirani na karakana yetu ya useremala hapa Keko, Dar es Salaam, kuna mama ntilie ambaye hana habari na bei ya mkaa. Kila asubuhi anapita na ndoo yake kuokota vipande vilivyodondoka chini ya mashine: mninga, mkongo, mtiki, na siku za bahati mvule uliotoka kwenye kitanda cha kizamani. Wali wake mzuri na anakopesha, kwa hiyo sina ugomvi naye. Lakini siku moja, nikiwa nimetoka kununua vipande vya mpingo kwa wachonga vinyago wa Mwenge, nilikikuta kimoja jikoni kwake, urefu wa kiganja, kimeshaanza kushika moto upande mmoja. Nikakichomoa kwa mkono. Akanitazama, akasema, "Fundi, kama una njaa sema, usile kuni."

Vijana walicheka mpaka jioni. Mimi sikucheka, maana kipande kile kilitosha kutia njumu masinia mawili.

Nikisema njumu, kijana wa leo anawaza viatu vya kuchezea mpira. Si kosa lake. Neno ni lilelile, ila wazee wa pwani walilitumia pia kwa mapambo ya fedha, shaba au pembe yanayopachikwa ndani ya kitu kingine hadi uso wote unakuwa mmoja, ukipitisha kidole husikii mpaka. Tazama kiti cha enzi cha Lamu na Pate, kile cha mbao nyeusi chenye kamba zilizosukwa kitakoni na mgongoni: vipande vya pembe na mfupa vimekaa ndani ya mbao kama vilizaliwa humo. Kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima. Kwa hiyo fundi mwenzangu akiniambia kazi hii ni ya Wazungu, namuuliza neno lake tumelipata wapi.

Kweli, Wazungu waliifikisha mbali. Italia, karne ya 15, mafundi walimtengenezea mtawala wa Urbino chumba ambacho kuta zake zina makabati yaliyo wazi nusu, vitabu vimelaliana ndani. Ukienda kukichukua kitabu unagusa ubao bapa. Yote ni vipande vya mbao za rangi tofauti. Paris nako kulikuwa na André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642, ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote kwa sababu angefaa kabisa kuwa jirani yangu hapa Keko. Alikuwa akilaza bamba la shaba juu ya gamba la kasa na kuyakata yote mawili kwa mkato mmoja. Ukitenganisha unapata picha mbili: shaba iliyokaa ndani ya gamba, na gamba lililokaa ndani ya shaba. Jasho la meza moja, mapambo ya meza mbili. Shule ya ufundi yenye jina lake ilianzishwa Paris mwaka 1886 na mpaka leo inafundisha.

Gamba la kasa na pembe za ndovu waachieni wenyewe. Sheria iko wazi, na mfupa wa ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti unafanya kazi ileile. Unauchemsha kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, unauanika kivulini, unaupasua na kuupiga msasa. Harufu ya siku ya kuchemsha siwezi kuielezea, waulizeni majirani zangu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Kazi hii tunaifundisha kuanzia mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya mapambo ya mbao, taasisi siitaji. Siku ya kwanza ilikuwa hotuba na picha ukutani. Siku ya pili kila mmoja akapewa ua ambalo limeshakatwa na mashine ya leza, vipande vimepangwa kwenye bahasha, tukabandika kwa gundi. Siku ya tatu vyeti, soda, picha ya pamoja. Cheti changu kilikuwa kikubwa kuliko ua langu. Nakumbuka kijana aliyekaa pembeni yangu aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, na huu mkato wenyewe tutajifunza lini?" Akajibiwa kwamba mkato siku hizi ni kazi ya mashine.

Sina chuki na mashine. Keko isingekuwa Keko bila mashine za kupasulia na kurandia, na mimi mwenyewe vinia zangu za mninga, yaani mbao nyembamba za kubandika, za milimita mbili, napasuliwa kwa jirani. Lakini anayeanza kwa kubandika hajui kwa nini kipande kimekaa vizuri. Siku kikikataa kukaa, anabaki anapiga simu.

Kijana akija kwangu Jumamosi kujifunza, miezi miwili ya kwanza ananoa. Anajifunza noleo, anajifunza patasi, anajifunza kwamba kisu kikiwa butu hakikati nyuzi za mbao, kinazing'oa. Wazazi wengine hawapendi. Baba mmoja alikuja akasimama mlangoni, akasalimia vizuri, kisha akasema, "Fundi, mwanangu wiki ya sita hii, anarudi nyumbani na vumbi la jiwe tu." Nilimwomba anipe kidole gumba, nikapitisha patasi ya mwanawe kwenye ukucha. Patasi ikajishika palepale, haikuteleza. Baba hakusema neno, lakini kijana aliendelea kuja.

Baada ya hapo ndipo msumeno. Sitaki mtu afikiri kuna kifaa cha ajabu. Ni kimsumeno cha sonara, chenye bleedi nyembamba kama uzi wa kushonea, zinazouzwa kwa dazani, na mwanzoni utakata dazani nzima kabla hujamaliza jani moja. Unafunga ubao mdogo ukingoni mwa meza, ubao wenye mkato wa umbo la V, kazi inalala juu yake na msumeno unapanda na kushuka katikati ya V.

Halafu inakuja siri, kama ni siri. Ukilaza vinia ya mpingo juu ya vinia ya mninga na kukata wima, kipande cheusi kitaingia kwenye tundu jekundu kikiwa kinacheza, kwa sababu bleedi imekula upana wake. Watu wengi hapo hujaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, na ndiyo maana kazi nyingi zinaonekana kama zimechorwa kwa kalamu. Sasa ulaze msumeno kidogo, digrii kama 10 hivi, ukate mara moja tu ukizunguka upande uleule bila kugeuza. Kipande cha juu kinatoka kikiwa kikubwa kwa kiasi kilekile ilichokula bleedi. Ukikisukuma kutoka juu kinashuka, kinashuka, kinakaza, kinanyamaza. Wanafunzi wangu wote, bila kubagua, hufanya kitu kimoja hapo: wanakiinua kwenye mwanga kutafuta ufa.

Kivuli cha jani nacho hakipakwi rangi. Unaweka mchanga mwembamba kwenye karai juu ya jiko, kama wa kukaangia karanga, unachomeka ukingo wa kipande kwa sekunde chache. Ukingo unaiva kahawia, na weupe unapotea polepole kuelekea katikati. Ukichelewa umepata mkaa. Tunafanyia majaribio kwenye mbao nyeupe ya nje ya mpingo, ile ambayo wachongaji wengi wanaitupa kwa sababu wanautaka moyo mweusi. Mti mmoja, rangi mbili zinazopingana namna ile, na sisi tunatupa moja! Mpingo una mafuta pia, kwa hiyo kabla ya gundi ufute kwa spiriti, na mkiupiga msasa fungeni pua. Mninga vilevile, vumbi lake linakuna koo.

Kuna mambo ambayo vitabu vya Ulaya havitakufundisha kwa sababu havijaishi Dar es Salaam. Mwaka mmoja nilipata oda ya masinia matano ya ofisi moja ya Posta. Nilitengeneza Aprili, masika imepamba moto, mbao imejaa unyevu na mimi nina haraka. Nikabandika vinia upande wa juu tu, chini nikapiga vanishi. Masinia yalitoka mazuri mpaka nilipiga picha. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu na dada wa mapokezi, mpole sana: "Fundi, samahani, haya masinia yako chai yote inakimbilia katikati." Nilienda. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma toka saa mbili asubuhi mpaka jioni, vinia imekauka, imejivuta, imeunyanyua ubao kingo zote mbili. Matano yote yalikuwa mitumbwi.

Mbao ikikauka inasinyaa upande wa upana, urefu hautikisiki sana. Unachobandika juu lazima ubandike na chini, hata kama chini hakuna atakayepaona, ili pande mbili zivutane sawasawa. Na siku hizi mbao ya kazi ya ofisini naiweka kwanza kwa rafiki yangu mwenye duka la simu lenye kiyoyozi, nyuma ya kaunta, wiki tatu au nne. Analipwa kwa stuli. Pesa za masinia yale nilirudisha, na mpaka leo moja lipo ukutani karakanani. Kila kijana mpya nampa glasi ya maji aiweke juu yake.

Wanaosema kazi hii haina soko wana nusu ya ukweli. Kwenye maonyesho ya Sabasaba mama mmoja alisimama kwenye meza yangu muda mrefu, akashika sinia lenye ua la mkorosho, akauliza, "Hizi stika mnazitoa wapi, fundi?" Nikamwambia si stika mama, ni mbao ndani ya mbao. Akakwangua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayehakiki noti. Akakubali. Nikamtajia bei, akaniwekea sinia langu mezani kwa heshima zote. "Kwa hela hiyo mwanangu napata stuli mbili."

Na anazipata kweli. Ndiyo maana simshauri kijana aache kitanda cha sita kwa sita ili aje kutia njumu. Kitanda kinalipa kodi mwezi huu. Njumu ifanyike saa mbili tatu za Jumamosi, na ianze na vitu vidogo: kisanduku cha pete, fremu, sinia la zawadi ya kicheni pati, ambako hakuna anayelinganisha na bei ya stuli bali na zawadi ya shoga aliyekaa meza ya jirani. Kosa la mafundi wenzangu ni kuanza na meza ya watu wanane. Meza ile itakaa dukani inapigwa vumbi, na fundi atatangaza kwamba Waswahili hawathamini sanaa.

Vijana wanaotoka chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, si mbali na hapa, huwa wanafika na msingi wa maungio, na hao nafurahi kuwapokea. Wanachohitaji baada ya hapo si mradi wala kontena la mashine. Wanahitaji mtu wa kuwanyang'anya patasi butu, na mabaki ya kuharibu bila kugombezwa. Mabaki tunayo. Keko nzima inayakanyaga.

Kuhusu yule mama, tulikaa kama watu wazima. Msonobari wote wa kwake, na maranda achukue ya kuwashia. Mninga, mkongo, mfenesi na chochote cheusi ni vyangu, na mimi namnunulia gunia la mkaa mwisho wa mwezi. Mwanzoni alikuwa anachanganya. Juzi nimefika kula, ameniletea sahani, na pembeni ya sahani ameweka kipande kidogo cha manjano kilichofutwa vumbi vizuri. "Hiki mfenesi, fundi," akasema. "Nilitaka kukichoma, nikaona kina mistari."