Mnasema shule zinaiba wachezaji, lakini karo ya huyo mtoto angelipa nani?

Kila michezo ya muhula wa pili ikianza kelele huwa ni ile ile. Shule ya hapa mtaani imepigwa tano bila na shule kubwa ya mbali, watu wakiangalia vizuri straika aliyefunga matatu ni kijana wao, wanamjua mamake, wanajua praimari aliyosoma, na mwaka juzi ndiye alikuwa anawabebea timu ya lokesheni. Basi simu zinatolewa, picha zinapigwa, na jioni ni maneno tu, wameiba mchezaji, wanunuzi wa vikombe, KSSSA (chama cha michezo ya shule za sekondari Kenya) wako wapi, hio shule ifungiwe.

Hasira hio naielewa na sitaki kuipuuza. Mwalimu wa michezo kwenye shule ndogo ya kutwa anamtoa mtoto mbali sana, anamfundisha kupokea mpira, anamnunulia viatu na mshahara wake mwenyewe, anabishana na mwalimu mkuu ndio watoto waachiliwe saa tisa wafanye mazoezi, halafu kijana akianza kuiva tu anapigiwa simu na shule yenye basi lake na kocha wa kulipwa. Mwaka unaofuata mwalimu anaanza upya. Akipotea wa tatu au wa nne hata yeye anachoka, na mimi siwezi kumlaumu. Kuna pia mamluki, hao nao ni shida ya kweli, mtu ameshamaliza shule, ana ndevu, anarudishwa kidato cha pili na cheti cha kuzaliwa kipya ili asukumane na watoto wa miaka 16. Huo ni udanganyifu na sina cha kuutetea, anayefanya hivyo afungiwe yeye na timu yake.

Lakini tunachanganya mambo mawili. Kumleta mtu mzima kwa cheti bandia ni kitu kimoja, kumchukua mtoto wa umri sahihi na kumlipia karo ni kitu kingine kabisa, na hiki cha pili ndicho kinasemwa vibaya bila mtu kukaa chini apige hesabu.

Wacha tupige. Karo rasmi ya shule za bweni za kitaifa na zile za ekstra kaunti ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Shule zingine za bweni ni 40,535. Chukua hio ya juu, miaka minne ya sekondari ya mfumo wa zamani inakuja 214,216, na hapo hujanunua sare, sanduku, godoro, blanketi, wala nauli ya kwenda na kurudi kila likizo. Ukigawanya kwa mihula mitatu ni karibu 17,850 kila wakati shule zinafunguliwa. Sasa mzazi anayefanya kibarua cha mia tano kwa siku, akikipata, anahitaji siku karibu 36 za kazi kulipa muhula mmoja wa mtoto mmoja, na hizo siku 36 nyumbani watu wasile, wasiumwe, na mtoto wa pili asiwe na shule. Mimi nikikumbuka hio hesabu ya siku 36 ndio nashindwa kabisa kumwambia huyo mama kwamba mtoto wake ameibwa.

Serikali inasomesha, ndio, kuna 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa, na watu hutaja hio pesa kama jibu la kila kitu. Lakini pesa inachelewa, chakula cha mchana mzazi analipa, na mtoto anayetembea kilomita nyingi asubuhi na jioni halafu anarudi nyumba isiyo na stima hana mazingira sawa na yule wa bweni. Kwa familia nyingi za Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa mguu wa mtoto ndio basari ya pekee iliyowahi kufika mlangoni kwao, ile ya kaunti na ya CDF (mfuko wa eneo bunge) ikija ni elfu tatu, elfu tano, na fomu umepanga foleni siku nzima kuipata.

Kwa wasichana ndio kabisa. Timu za shule kama Wiyeta, Butere, Kwanthanze zimewafungulia wasichana njia ambayo isingekuwepo, kwa sababu familia ikiwa na karo ya mtoto mmoja tu mara nyingi anayebaki nyumbani ni msichana. Akichukuliwa kwa sababu anapiga mpira wa wavu vizuri anapata miaka ya masomo, na baadaye kuna Kenya Pipeline, kuna KCB, kuna Kenya Prisons, timu ambazo zimewapa wachezaji ajira. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wavu ya wanawake, walipoenda Olimpiki ya Tokyo na baadaye Paris, ukifuatilia kikosi kile unarudi mpaka viwanja vya vumbi vya mashule. Na Junior Starlets wa 2024, wale mabinti wa chini ya miaka 17 waliokuwa timu ya kwanza ya Kenya ya soka kufika Kombe la Dunia la FIFA, wakaenda Dominican Republic wakampiga Mexico 2-1, hao ni watoto wa shule. Wangebaki kila mmoja kwenye shule iliyo karibu na kwao, isiyo na timu ya wasichana, hatungewajua.

Na hii ya mtoto kuvuka mpaka wa kaunti kwa sababu ya michezo haikuanza jana. Shule ya St Patrick's Iten, kule Elgeyo Marakwet, tunaisifia sote, Brother Colm O'Connell alifika pale 1976 kufundisha na akaishia kulea mabingwa. Ndani ya kompaundi kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi wa zamani waliofika levo ya dunia, kila mti na jina lake. Peter Rono, aliyesoma hapo, dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, ni mtu wa Nandi. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda Boston Marathon, mwaka huo huo wa 1988, naye ni Mnandi. Hakuna mtu leo anasema Iten iliwaiba. Na kinachonigusa zaidi kwa hao wawili sio medali, ni kwamba mbio ziliwafikisha chuo kikuu Marekani, Rono akaenda Mount St. Mary's kule Maryland na Hussein akaenda New Mexico.

Hapa sasa ndipo nataka tubanane na hizi shule kubwa, kwa sababu kuzitetea kwangu kuna mwisho.

Shule zetu zinapenda sana habari za wanafunzi wa zamani, lakini za wale walioshinda tu. Shule ya Kamukunji itakutajia wanasoka McDonald Mariga na Victor Wanyama, na ina haki, ndugu wawili kutoka familia moja, mmoja ameshinda Champions League na Inter 2010 na mwingine amekuwa kapteni wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na kucheza Celtic, Southampton na Tottenham. Upper Hill itakutajia Michael Olunga, mfungaji bora wa ligi ya Japan 2020 na mabao 28, na ingefaa iongeze kwamba jamaa alienda pia Technical University of Kenya kusomea uhandisi huku anacheza. Sawa. Lakini timu ya shule inasajili kama watu ishirini hivi kila msimu, na kwa kizazi kizima anatoka Olunga mmoja. Wale wengine wako wapi? Beki wa kushoto wa ile timu iliyochukua kombe la mkoa, kipa namba mbili, yule aliyekuwa anaingia dakika ya 70, walimaliza kidato cha nne? Walipata gredi gani? Jina la kipa namba mbili huwezi kulipata popote, na yeye ndiye angekuambia ukweli kuhusu hio skolashipu.

Kuna kijana wa kwetu, kiungo, alichukuliwa akiwa kidato cha pili na shule moja ambayo siitaji. Mwaka wa kwanza alikuwa mfalme, alipewa viatu, alikaa bweni moja na timu, alikosa masomo wiki nzima za mashindano na hakuna mwalimu aliuliza. Kidato cha tatu goti likaenda. Muhula uliofuata mamake akapokea meseji kwamba kuna salio la karo, mtoto asije bila kulipa, na wiki chache baadaye kijana akarudi na sanduku la bati limefungwa kwa kamba nyuma ya boda, godoro amelikunja juu yake. Hakukuwa na barua. Mama alipouliza ahadi ilikuwa gani akaambiwa aongee na kocha, na kocha alikuwa ameshahamia shule nyingine. Karatasi hakuna, sahihi hakuna, kwa hio hata angeenda kulalamika angeonyesha nini?

Hapo ndipo kosa lilipo kwa maoni yangu. Kumchukua mtoto hakuna ubaya, ubaya ni kumchukua kwa mdomo tu, kwa ahadi inayoisha siku anayoumia. Na huu mjadala wa wizi unaifunika hio shida kabisa, kwa sababu wanaolalamika wanalilia kombe lao, wanaojitetea nao wanalilia kombe lao, na goti la mtoto halina msemaji.

Sheria kali za uhamisho ambazo watu wanataka, ati mchezaji akihama akae msimu mzima bila kucheza, mimi naona zinamwadhibu mtu asiye na kosa. Shule kubwa itatafuta mwingine, mwalimu mkuu hatapungukiwa kitu, anayebaki bila karo ni mtoto. Afadhali sheria iibane shule, kwamba ukimsajili mwanafunzi aliyekuja kwa michezo unaweka barua yenye sahihi ya mzazi na ya mwalimu mkuu, karo imelipwa mpaka mtihani wa mwisho hata akivunjika mguu kesho, na kila mwaka unaonyesha ni wangapi kati ya hao walikaa mtihani. Shule isiyoweza kuonyesha isicheze ngazi ya kaunti.

Na kwa yule mwalimu wa shule ndogo kuna kitu tunaweza kuiga. FIFA wana utaratibu ambapo mchezaji akiuzwa asilimia 5 ya pesa inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Shule haziuzi watoto na hatutaki ziuze, lakini shule yenye basi na mdhamini haiwezi kukosa mipira kumi na seti ya jezi ya kupeleka kule ilikomtoa mtoto, na cheti cha shukrani kwa mwalimu ambacho kitamsaidia siku ya kupandishwa cheo. Nusu ya hasira ya kila msimu ingeisha hapo.

Haya mambo yana haraka kuliko watu wanavyodhani. Tangu Januari 2026 wameanza kuingia wa Gredi ya 10, na mmoja ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu ni sanaa na sayansi ya michezo. Sasa mtoto anatafutwa akiwa bado Gredi ya 9, na anakaa sekondari ya juu miaka mitatu tu badala ya ile minne tuliyoizoea, maana yake shule ina muda mfupi zaidi wa kumtumia na presha ya kumchezesha kila mechi itakuwa kubwa. Kwa hio mzazi ukiona kocha amekuja nyumbani na soda na maneno matamu, mkaribishe, usimfukuze, halafu muulize mtoto akiumia nani atalipa muhula unaofuata, na jibu lake aliandike hapo hapo mezani.