Hoteli zichangie, lakini fedha zivuke hadi Pemba

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anataka wenye hoteli wa Zanzibar wachangie mfuko wa kupambana na malaria pamoja na Serikali. Mie naunga mkono, wala si jambo geni. Mwaka 1999 Msumbiji, Afrika Kusini na Swaziland (Eswatini ya leo) walikubaliana kupambana na malaria kwa pamoja eneo la Lubombo, mipakani mwao, na kampuni ya BHP Billiton, iliyokuwa na hisa katika kiwanda cha aluminiamu cha Mozal karibu na Maputo, ikatia fedha. Si kwa huruma tu: wafanyakazi wake walikuwa wakiugua.

Hapa kwetu wazee wanakumbuka. Kampeni ya kwanza dhidi ya malaria ilisitishwa 1968, mbu wakarudi na malaria yao. Sasa maambukizi yako chini ya asilimia 1, na wafadhili wakiona hivyo huanza kufunga mikoba.

Ila mbona hoteli peke yake? Wapo wagonjwa wengi waliotoka safari Bara, basi na wenye boti watie mkono. Mie nimeshateremka bandarini na homa yangu, hakuna aliyeniuliza kitu.

Halafu hizo fedha za hoteli zitafika Micheweni, kule Pemba, kweli, au zitaishia kupiga dawa ya mbu Nungwi, huku Unguja, waliko wageni?