Mgahawa Usio na Kibao

Mgahawa wa samaki wa kweli hauna kibao. Kanuni hii nimeilea tangu Tanga, ambako ukikuta jina limeandikwa kwa taa za rangi, ujue hapo unauziwa changu wa juzi kwa bei ya kesho. Pahala pa kweli pana moshi. Pana mama mtu mzima anayekaanga bila kukuchekea, pana wazee wanaopiga dhumna mezani hadi vikombe vinaruka, na hapana mtu wa kukuita mlangoni, maana wanaopajua wanakuja wenyewe. Kanuni hiyo haijanitupa Pangani wala Kigombe, na sikuona kwa nini initupe Jamaica.

Jamaica tulikwenda familia nzima, sisi watu wa Tanga tunaoishi Birmingham. Tukafikia Negril, ncha ya magharibi ya kisiwa, kwenye hoteli ya zile ambazo ukiingia tu unafungwa bangili ya plastiki mkononi, na kila utakachokula kimeshalipiwa. Mlipaji alikuwa shemeji yangu, kaka yake mama watoto, na toka tufike alikuwa anakula kwa hasira ya mtu anayerudisha fedha zake. Alfajiri yumo foleni ya mayai. Saa nne usiku yumo foleni ya keki.

Mimi usiku wa kwanza niliwekewa samoni. Samoni! Samaki wa maji ya baridi kasafirishwa mpaka Karibiani ili aje aliwe na mtu anayeitazama bahari. Asubuhi nikaomba chakula cha wenyeji, nikaletewa ackee na samaki wa chumvi, ambacho ndicho chakula cha taifa lao. Ackee ni tunda lenye asili ya Afrika Magharibi. Likipikwa utadhani ni mayai yaliyovurugwa. Ni tamu, sina neno. Lakini yule samaki wa chumvi anavuliwa Atlantiki ya kaskazini. Wenye mashamba ya miwa ndio waliomzoesha kisiwani zama za utumwa, kwa kuwa alikuwa chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, na watu wakampenda wakabaki naye.

"Shemeji," nikasema, "huyu naye mgeni. Kesho tunatoka kutafuta samaki aliyezaliwa hapahapa."

"Samaki kashalipiwa, shemeji."

"Kalipiwa wa ugenini."

Mama watoto hakuinua uso kwenye kiti chake cha kando ya bwawa. "Nendeni. Mkipotea msinipigie simu." Lakini ndiye aliyenitilia kanzu na kofia kwenye mfuko, kwa kuwa kesho yake ni Ijumaa na anajua mimi sisali na suruali iliyokaa kwenye gari. Ikumbukeni kanzu hiyo.

Usafiri wa wenyeji kule ni teksi za kugawana, zenye namba nyekundu, na nyingi ni Toyota Probox. Wakenya walioiona Probox ikipakia miraa na abiria kwa pamoja hawahitaji maelezo. Nyuma tulikaa wanne. Kabla hatujatoka mjini, mama mmoja akampakatisha shemeji mtoto wake bila hata salamu, mtoto akalala, na shemeji akashindwa kusogeza mguu mpaka Savanna-la-Mar. Barabara inafuata bahari, dereva anafuata katikati ya barabara, na muziki ulikuwa mkubwa kuliko injini.

Haya yalikuwa kabla ya Oktoba 2025, kabla kimbunga Melissa hakijaupiga upande ule wa kisiwa na kuuvunja mji wa Black River. Wakati huo pwani yote ilikuwa imesimama. Pale Scott's Cove, kwenye mpaka wa Westmoreland na St Elizabeth, wauzaji walitusogelea madirishani na samaki wa kukaanga wazima wazima, na bammy, ule mkate wao wa bapa wa muhogo, urithi wa Wataino waliokuwapo kisiwani kabla ya Columbus. Harufu iliingia garini ikakaa mapajani mwetu. Shemeji akanitazama kwa macho ya kuomba.

"Pana vibao," nikasema.

"Shemeji, ni samaki!"

"Vibao, shemeji. Vitatu. Kimoja kina picha."

Tukapita.

Middle Quarters, mbele ya Black River, hapakuwa na kibao wala mgahawa, palikuwa na kina mama kandokando ya barabara na vifuko vya kamba wekundu. Ni kamba wa mtoni, wa mabwawa ya huko, wanapikwa kwa chumvi na pilipili ya Scotch bonnet, ambayo ni ukoo mmoja na pilipili mbuzi yetu. Nikamwuliza mama mmoja kama ni kali.

"Kidogo tu, mpenzi." Huko muuzaji akikuita mpenzi usimsimulie mkeo.

Mimi nimekula achari ya Tanga tangu sijaota meno, lakini kamba wa tatu alinifanya nisahau jina la shemeji yangu. Nikafunga kifuko, nikakiweka mapajani, tukapanda Probox ya kurudi. Kifuko kile kilikuwa na tundu. Kwenye kona za Black River nikahisi ubaridi, halafu nikahisi uvuguvugu, halafu yale maji ya pilipili yakaanza kutafuta njia, na sitaeleza zaidi kwa sababu kuna watoto wanasoma. Nilipiga ukelele ambao dereva alidhani nimeomba kushuka. Shemeji alicheka mpaka akalia, na machozi akayafuta kwa mkono uliokuwa umeshika kamba. Mungu si Athumani.

Kwenye kituo cha mafuta niliomba choo, nikajimwagia maji mpaka nikarudiwa na akili, suruali nikaifunga mfukoni, na nikatoka nimevaa nguo kavu pekee niliyokuwa nayo: kanzu nyeupe na kofia. Shemeji hakuniona vizuri, maana jicho moja lilikuwa bado limefumba.

Giza likaingia. Dereva wa mwisho alikuwa amefika kwao, akatushusha njia panda na kutuambia tusubiri hapo, gari litapita. Halikupita gari. Ilipita harufu ya samaki anayekaangwa.

Tukaifuata. Uchochoro, ukuta wa mawe, na nyuma yake ua mpana wenye taa za kuning'iniza. Chini ya turubai wazee wanapiga dhumna kwa kishindo. Karibu na jiko la kuni wamesimama kina mama wa umri wa shangazi zangu, kila mmoja na mwiko, hakuna hata mmoja anayecheka. Mtalii hata wa dawa hakuna. Na kibao, wasomaji wangu, nilikitafuta mpaka nyuma ya geti. Hakipo!

"Shemeji," akasema shemeji, "turubai, viti vya plastiki, wazee. Kwetu hivi ni vitu vya wapi?"

"Matanga."

"Eeh."

"Sasa matanga gani yana spika refu kuliko mlango? Umewahi kuona wafiwa wanakata kiuno?" Maana kulikuwa na mabinti wawili wanacheza, na wanacheza kwelikweli. Shemeji akakosa hoja. Tukaingia.

Hatukuulizwa jambo. Kijana akatupa vikombe vya supu ya samaki, nyepesi, yenye ndizi mbichi na pilipili ya kistaarabu. Nikatoa noti, akaikataa kwa mkono. Nikamnong'oneza shemeji kwamba mgahawa wa kweli haudai mbele. Mzee mmoja akatusogelea.

"Mmetoka mbali?"

"Birmingham."

"Kwa ajili yake?"

Nikajua anamsema mpishi. "Kwa ajili yake hasa, mzee wangu. Tumeacha chakula cha bure tukamfuata yeye."

Mzee akanishika bega. Macho yakamlenga machozi. "Kumbe mpaka Birmingham wanamjua."

"Nani asiyemjua!"

"Angefurahi sana kukuoneni."

Nikadhani mpishi mkuu ana mapumziko.

Watu walikuwa wanakula wamesimama, sahani mkononi. Lakini ndani zaidi, chini ya turubai dogo, palikuwa na meza moja imetandikwa kitambaa cheupe, ina kiti kimoja na hakuna aliyekaa. Juu yake wali wa maharage, bammy, glasi ya kitu cheupe ambacho nilikichukulia kuwa maji, na samaki mwekundu mzima, amefunikwa vitunguu na karoti zilizolala kwenye siki. Kulikuwa na picha ya mzee mrefu ndani ya fremu, mwanzilishi bila shaka. Nikasema moyoni, hii ndiyo meza ya mgeni wa mbali. Hawa watu wana adabu.

Nikakaa. Nikanawa kwa ile glasi, nikashangaa maji kunukia hospitali. Bismillahi. Nikamng'oa samaki ubavu mmoja.

Nisimulie huyo samaki kwanza, kwa sababu wengine wote waliohadithia usiku ule wamemruka. Ngozi ilivunjika kwa sauti. Ndani nyama nyeupe, bado ina unyevu, na ile siki imeingia mpaka mfupani pamoja na pimento, kiungo cha Jamaica, na pilipili inakuja mwishoni, inabisha hodi, haivunji mlango. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, dhumna zilikuwa zimenyamaza. Muziki ukazimwa. Mama mwenye mwiko akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena, na akapiga yowe neno moja: "Duppy!"

Duppy kwao ni mzuka. Na yale, kama mlivyokwisha kujua nyote isipokuwa mimi, yalikuwa matanga. Wanayaita Nine Night, usiku wa tisa, siku hizi mara nyingi hufanywa usiku wa kuamkia maziko, na muziki ni wajibu kwa sababu marehemu anaagwa kwa furaha. Meza ile ni yake. Anaandaliwa vyakula alivyovipenda, na kabla ya saa sita usiku haiguswi, mpaka roho yake ipite, ile, kisha iondoke. Sasa ilikuwa haijafika hata saa nne, na kwenye kiti cha marehemu amekaa mtu mweusi mrefu, kavaa joho jeupe mpaka miguuni, kafumba macho, anakula snapa wake.

Viti vilianguka. Wazee wa dhumna waliruka ukuta ambao mchana wasingeujaribu. Shemeji yangu, mtu ninayekula naye sinia moja, alikuwa wa pili kufika getini. Hakukimbia duppy, alisema baadaye. Alikimbia kwa sababu watu walikuwa wanakimbia, na yeye kalelewa kuheshimu wenyeji.

Aliyebaki ni bibi mmoja mkavu, dada yake marehemu, na hakuwa na mpango wa kukimbia mtu aliyemlea. Alikuja na Biblia mkono mmoja na chupa ya ramu nyeupe mkono wa pili, ile ya asilimia 63, akaninyunyizia usoni. Niliruka juu nikipiga kelele, "Wallahi mimi ni mtu wa Tanga!" Ilikuwa kweli tupu, ila ndiyo iliyozidi kuwatisha, maana sasa marehemu alikuwa anasema kwa lugha za kuzimu. Akaninyunyizia tena.

Nikainua mikono juu. Kanzu ikateremka mpaka kwenye viwiko, na kwenye taa ikang'aa ile bangili ya plastiki.

Bibi akasimama. Akauvuta mkono wangu karibu, akasogeza miwani, akasoma jina la hoteli herufi kwa herufi. Kisha akageukia ukuta na kutangaza kwa sauti kwamba duppy hawalali Negril kwa bei zile.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Cuba. Watu walirudi mmoja mmoja, kila aliyekimbia akiapa alikuwa amekwenda kuchukua kitu. Nilieleza jinsi matanga yetu yalivyo, kahawa, dhumna, sinia za wali, na kwamba muziki ndio ulionipoteza. Tukatoa rambirambi, ikapokelewa baada ya kukataliwa kama inavyotakiwa. Samaki wa marehemu wakamkaangia mwingine, akawekewa mlinzi, na mlinzi akaelekezwa aniangalie mimi. Yule wa kwanza nikaruhusiwa kummaliza. Bibi alisema kaka yake alikuwa mvuvi, hakupenda samaki anayeachwa nusu. Shemeji akafungwa dhumna mpaka karibu na alfajiri na watu waliomzidi umri kwa miaka arobaini.

Tukaagizwa tusikose mazikoni kesho yake. Mimi nilitaka kulala, lakini mama watoto alipomaliza kucheka, na hakumaliza haraka, akasema aliyekula sahani ya maiti hana pa kujificha, akapiga pasi kanzu. Nikamwambia kanzu hapana. Nikavaa suti.

Kanisani tulikaa nyuma. Baada ya watoto na majirani kusema, yule mzee wa supu akasimama na kuutangazia umma kwamba marehemu ana marafiki waliotoka Birmingham kwa ajili yake, na mmoja atatoa neno. Shemeji akanisukuma kwa goti. Nikatembea mpaka mbele, jeneza upande huu, bibi na miwani yake upande ule, na nikawaambia jambo pekee nililokuwa na hakika nalo kuhusu marehemu: kwamba nyumbani kwake nilikula samaki ambaye sijapata kumla mfano wake, wala pwani ya kwetu. Kanisa zima likaitikia Amina, na nyuma kabisa mtu akashindwa kuzuia kicheko.

Baada ya kuzika tuliketishwa mezani, mezani kwa walio hai safari hii, na sahani zikaja. Mbuzi wa bizari. Shemeji akaipekua yake kwa uma mpaka chini, akaniinamia.

"Shemeji, leo hotelini ni usiku wa pweza."